Safi kwa Kazi Gani?

Oda iliingia saa nne usiku, Alhamisi, stima zikiwa zimerudi nusu saa tu. Kurasa kumi, siku mbili, mwanafunzi wa chuo fulani ng'ambo ambaye sitawahi kujua jina lake. Mada: jinsi uchafu unavyobadilisha tabia za utando mwembamba wa metali uliotengenezwa kwa mvuke. Wasee wengine kwenye kikundi chetu cha waandishi waliiruka. Mimi niliichukua kabla hata sijamaliza kusoma maelekezo.

Hiyo mada naijua kwa mikono. Nilisomea fizikia hadi mwaka wa tatu, karo ikanishinda, na kitu cha mwisho nilichofanya maabara kabla ya kufunga godoro na kurudi Nakuru kilikuwa kupaka kioo alumini. Sasa naishi kwenye bedsita hapa Kiamunyi, upande wa barabara ya Ravine, nikiwaandikia watu wa mbali karatasi za digrii ambayo mimi mwenyewe sina. Ukiniuliza kama hiyo ni kazi safi, ningoje kidogo, tutafika.

Usiku huohuo simu ilikuwa hainyamazi kwa sababu ya WhatsApp ya ploti. Mtungi wa gesi wa jirani wa nyumba namba saba ulikuwa umeibwa mchana. Watu walianza kwa kumpa pole, wakaingia kwa mambo ya kamera, wakaingia kwa taa ya geti ambayo haijawahi kuwaka. Kisha mmoja akaandika: "Keateka aanze kuangalia majina vizuri kabla ya kupeana nyumba. Hii ploti ilikuwa safi kabla hawa hawajaanza kuhamia." Hakusema hawa ni akina nani. Hakuna aliyeuliza. Ujumbe ulipata vidole gumba vinne.

Nilizima data nikarudi kwa alumini. Lakini lile neno lilikuwa limeshanifuata mezani.

Labda unafikiri hujawahi kuona utando wa metali. Umeuona. Fungua pakiti ya krispsi uangalie ndani. Ule mng'ao ni alumini, na unene wake ni makumi machache ya nanomita. Unywele mmoja wa kichwa chako ni mnene kuushinda zaidi ya mara elfu moja. Hakuna nyundo inayoweza kuifua alumini iwe nyembamba hivyo. Inabidi uifanye mvuke.

Unachukua chombo kizito, unakifunga, unavuta hewa yote kwa pampu. Ndani umetundika vipande vya waya wa alumini kwenye koili ya tungsteni. Unapitisha umeme, koili inawaka hadi huwezi kuitazama, alumini inayeyuka ikifika nyuzi 660, unazidisha moto, na baada ya muda inaanza kugeuka mvuke. Atomu zinaruka kila upande kwa mstari ulionyooka, na zikikutana na kipande chako cha kioo kilicho baridi zinakwama hapo. Sekunde chache, na kioo cha dirisha kimekuwa kioo cha kujitazama. Mara ya kwanza kuiona nilisahau kwamba sijala.

Shida iko kwenye lile neno "yote". Hewa haitoki yote. Hata ukiipunguza mpaka ibaki sehemu moja kwa bilioni, gesi iliyobaki inatosha kulaza tabaka zima la molekuli zake juu ya kioo chako kwa muda wa kama sekunde moja, ikiwa zote zitanata. Kwa hiyo ni mbio. Alumini ikija polepole, oksijeni na mvuke wa maji vinaingia nayo, chembe kwa chembe, na kuzikwa humo ndani. Punje za metali zinabaki ndogo. Umeme unapita kwa shida. Mng'ao unafifia.

Wetu siku hiyo ulitoka na rangi ya maziwa yaliyoingia majivu. Fundi wa maabara aliushika kwa kibanio, akaugeuza kwenye mwanga, akauliza, "Nani ameshika hiki kioo kwa vidole?" Tukatazamana. Kulikuwa na alama ya kidole pembeni, ya wazi kabisa. Wenzangu walinigeukia kwa sababu mimi ndiye niliyekiweka. Nilikubali. Nilijisikia vibaya kwa namna ambayo ni ngumu kueleza. Kulikuwa na foleni ndefu ya kutumia ile mashine na tulikuwa tumeipoteza zamu yetu.

Baadaye, wengine wakiwa wameondoka, fundi aliniita. Akanionyesha kwamba kidole changu kilikuwa kimeharibu mahali padogo tu, pale pembeni. Utando wote ulikuwa mbaya, hata sehemu ambayo hakuna mtu aliyeigusa. Sababu ilikuwa kwamba tuliacha chombo wazi saa ya lunchi, siku ya mvua, na kuta zake zikanywa unyevu. Pampu ilipoanza kuvuta, kuta zilikuwa zinautoa ule unyevu kidogo kidogo, na ukaingia kwenye alumini. Kwenye vyombo kama kile, alisema, kitu kinachokusumbua zaidi ni maji yaliyoganda kwenye kuta zako mwenyewe. Hata ile koili ya tungsteni huweza kuchanganyika kidogo na alumini inayoyeyuka juu yake. Tulitafuta mwenye kidole kwa sababu kidole kilikuwa na umbo na kinaweza kuwa cha mtu fulani.

Sasa nikwambie kwa nini neno "safi" linaniwasha.

Huku Bonde la Ufa tuna neno ambalo ukilitafuta kwenye kamusi halina kosa. Madoadoa. Chui ana madoadoa. Kanga wa kufugwa ana madoadoa. Lakini tangu mapigano ya miaka ya 1990, huku kwetu neno hilo limetumika kwa watu: wale wa kabila lisilo "la hapa", walionunua shamba au kupangisha nyumba mahali ambapo wengine wanaamini hawakustahili kuwepo. Na doa kazi yake ni moja, kuondolewa. Hakuna mtu anayejadiliana na doa. Januari 2022, seneta mmoja alikamatwa baada ya kulitumia kwenye mkutano wa siasa mjini Eldoret, na miezi michache baadaye Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikaliweka kwenye orodha ya maneno ya chuki, pamoja na "kwekwe" na "mende". Angalia hayo matatu vizuri. Doa, gugu, mdudu. Lugha ya kufua, lugha ya shamba, lugha ya kupulizia dawa. Hakuna hata moja ya vita, na ndiyo maana mtu anaweza kulisema akiwa ametulia kabisa.

Mimi nilizaliwa 2000. Baba ni Mtugen, kwao ni upande wa Mogotio. Mama ni Mkikuyu, alizaliwa Molo. Uchaguzi wa 27 Desemba 2007 ulitupata tukipanga katika mtaa mmoja hapa Nakuru, na matokeo yalipotangazwa tarehe 30, kwanza mji ulijifanya umetulia. Moshi ulikuwa Molo na kwingineko. Shosho, mamake mama, aliteremka kutoka huko na blanketi mbili na sufuria moja, akawekwa kwenye mahema pale uwanja wa maonyesho. Kule alikokuwa ameishi miaka zaidi ya thelathini, alikuwa doa.

Kisha mwisho wa Januari 2008 moto ukafika Nakuru yenyewe, na mtaani kwetu doa likawa ni baba. Aliondoka usiku, kupitia nyuma ya nyumba. Mama hakuweza kumfuata, kwa sababu njiani kuelekea Mogotio doa lingekuwa ni yeye. Mimi na dada yangu tulikuwa nini? Hakuna aliyetuambia. Mama alitufundisha jina moja la kutaja tukiulizwa upande huu na jingine la kutaja upande ule, na akatufanyisha mazoezi jikoni kama mtu anayefundisha jedwali la kuzidisha. Nilikuwa na miaka saba. Tume ya Jaji Philip Waki baadaye ilihesabu waliouawa nchini kuwa zaidi ya 1,100, na waliofukuzwa makwao walikuwa mamia ya maelfu. Baba alirudi Aprili. Hajawahi kusimulia, na sisi hatujawahi kuuliza. Wazazi waliuza kila kitu wakanunua hamsini kwa mia hapa Kiamunyi, shosho akaja kukaa nao, na mimi bedsita yangu iko mwendo wa dakika kumi kutoka kwao.

Kwa hiyo nilipokaa kuandika kuhusu uchafu kwenye metali, nilikuwa natafuta kitu. Sitajifanya sikuwa. Nilitaka fizikia iniambie kwamba mtu wa namba sijui ngapi kwenye ploti yetu amekosea, na iniambie kwa namba.

Mwanzoni ilinipa. Jambo la kwanza, uchafu hauna asili. Dhahabu ikiingia kwenye shaba, dhahabu ndiyo uchafu. Shaba ikiingia kwenye dhahabu, shaba ndiyo uchafu. Hakuna atomu iliyozaliwa ikiwa doa. Inategemea nani amejaa pale ulipoikuta. Hapo nilimwona baba yangu anatoka kwa mlango wa nyuma, na shosho anateremka kutoka Molo, wiki chache kati yao.

Jambo la pili, hakuna alumini safi hewani. Ukisugua sufuria kwa waya hadi ing'ae, ile sura mpya inakamata oksijeni papo hapo na kujivika ngozi ya nanomita chache. Hiyo ngozi ndiyo inayoizuia sufuria isiendelee kuliwa. Unachokiita alumini, kile unachopikia ugali kila siku, tayari ni mchanganyiko.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya nisimame nizunguke chumba. Katika miaka ya 1960, watengenezaji wa chipu za kompyuta walikuwa wanatumia utando wa alumini kama nyaya za kuunganisha sehemu za chipu. Nyaya zilikuwa zinakufa ovyo. Mkondo wa elektroni ukiwa mkali kwenye waya mwembamba hivyo, unazisukuma atomu zenyewe za alumini, kama upepo wa Nakuru unavyosukuma vumbi: upande mmoja panabaki shimo, upande mwingine panainuka kichuguu, na siku moja waya unakatika. Mwaka 1970 watafiti wa IBM walichapisha dawa yake. Waliongeza shaba kidogo, asilimia chache tu. Shaba inakaa kwenye mipaka kati ya punje na punje, kule ambako alumini ilikuwa inatoroka, na kuipunguza mbio. Waya ukaishi muda mrefu mara nyingi zaidi. Alumini safi ndiyo iliyokuwa inakufa. Ile yenye "doa" ikadumu.

Maze, nilijisikia nimepata hubiri. Niliandika ile karatasi hadi saa tisa usiku, na pembeni nikafungua ukurasa mwingine nikaanza insha hii, kwa toleo ambalo ungelipenda. Ilikuwa inaishia kwa shaba. Shosho ndiye shaba, watu wa Molo ndio shaba, sote tunaohamia Kiamunyi ni shaba. Tuleteni, tutawadumisha.

Jumamosi asubuhi nikaenda nyumbani. Shosho alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, jua likimpiga mgongoni, sinia la maharagwe mapajani, anachambua. Nikamwelezea yote, kwa Kiswahili chepesi na mikono mingi. Nikamwambia kuhusu waya unaokatika na shaba inayouokoa. Alinisikiliza vizuri. Alikuwa anatoa jiwe, anatupa, anatoa harage lililooza, anatupa.

Akaniuliza, "Na kama hiyo shaba haingesaidia?"

Nikamwambia, "Shosho, ilisaidia."

"Nimesikia. Nauliza kama haingesaidia. Wangeitoa?"

"Ee. Wangeitoa."

"Basi usiniite shaba." Akaendelea na maharagwe. Baada ya muda akasema, "Kule Molo nilikuwa nauza maziwa kwa kila mtu. Nilishika watoto wa watu wakizaliwa. Siku ile walipokuja, wengine walisema huyu mama aachwe, ni wa maana. Wengine wakasema hapana. Walikuwa wanabishana hapo mlangoni kama mimi ni ng'ombe. Jirani yangu wa chini hakuwa na maana yoyote, alikuwa mlevi tu. Yeye hakuna aliyembishania. Unafikiri yeye alistahili?"

Sikuwa na jibu. Akainua kijiwe kimoja kati ya vidole viwili. "Hili nalitoa kwa sababu litavunja jino langu. Mimi ndiye nitakula. Maharagwe hayana neno na jiwe."

Nilirudi kejani kwa miguu nikiwa na hasira kidogo, ya yule mtu ambaye hesabu yake imekataliwa na mtu asiyejua hesabu. Nikafungua tena karatasi kumalizia sehemu ya historia, na hapo nikakutana na kitu nilichokuwa nakijua tangu darasani lakini sikuwa nimekitazama usoni. Mwaka 1997 IBM ilitangaza chipu mpya ambazo nyaya zake ni za shaba. Waliiacha alumini kwa sababu shaba inapitisha umeme vizuri zaidi. Ile iliyokaribishwa kwa asilimia chache ikaja kuchukua waya wote. Na kwa kuwa shaba ikipenya kwenye silikoni inaiharibu, ilibidi ijengewe ukuta mwembamba wa kuizuia.

Soma hiyo tena ukiwa na masikio ya mtu wa madoadoa. Tuliwakaribisha wachache, wakamaliza nafasi yote, na sasa lazima tuweke ukuta. Ni hotuba nzima ya kampeni, na nilikuwa nimeiandika mimi mwenyewe, bila kujua, nikimwita shosho wangu shaba.

Hapo ndipo niliifuta ile insha ya kwanza.

Sitaki pia nikudanganye kwamba uchafu wote ni baraka, kwa sababu hiyo ni njia nyingine ya kukwepa swali. Uchafu mwingi kwenye utando unaharibu tu. Augustus Matthiessen, mwanasayansi wa karne ya 19, alionyesha kwamba chembe za kigeni kwenye metali zinaongeza ukinzani wa umeme ambao hauondoki hata ukiipoza. Ni kama matuta barabarani. Jamu ya magari inaisha usiku, lakini matuta yatakungoja hata saa nane. Na sisi watu wa Nakuru hatuhitaji kuambiwa kuhusu doa. Maji yetu mengi ya visima yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba floridi. Kidogo inalinda meno, nyingi inayachoma rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nilipofika chuo, mtu wa kwanza kunisalimia aliangalia mdomo wangu akacheka, "Wewe ni wa Nakuru." Hapa kwetu kuna vichujio vinavyotumia mifupa iliyochomwa kuitoa hiyo floridi, na ningependa kila nyumba iwe nacho. Sina ugomvi na kuchuja.

Ugomvi wangu ni na swali linalorukwa. Kila nilipoandika neno "safi" kwenye ile karatasi, nililazimika kuandika kitu baada yake. Safi ya kutosha kwa kioo cha darubini. Safi ya kutosha kwa waya wa chipu. Alumini inayofaa pakiti ya krispsi ingeweza kutupwa na mtu wa darubini. Shaba asilimia chache ni uponyaji kwa waya na ni hasara kwa mtu anayetaka ukinzani mdogo kabisa. Usafi haukai ndani ya metali peke yake. Unakaa kati ya metali na kazi, na kazi ina mwenyewe. Kuna mtu aliyewasha pampu akijua anataka nini. Utando haukuombwa maoni, na hiyo ni sawa, kwa sababu utando ni kitu na umetengenezwa kwa ajili ya mtu.

Shosho alikuwa ameliona hilo kwenye sinia. Jiwe ni uchafu kwa mlaji. Maji yenye floridi ni mabaya kwa anayekunywa. Kwa hiyo mtu akisema ploti ilikuwa safi, au kata, au kaunti, swali la kwanza ni safi kwa kazi gani, na ya nani. Nani ndiye mlaji? Mtaa haukutengenezwa na fundi mmoja ili umfanyie kazi moja. Watu wanaokaa ndani yake ndio wenye kazi zao, kila mmoja na yake. Yule anayewaita wenzake madoadoa hajagundua kitu kuhusu wao. Amejiweka kwenye nafasi ya mwenye sinia, na sisi wengine amefanya maharagwe, hata wale anaowaita safi. Leo wewe ni harage zuri. Kesho kazi ikibadilika, utachambuliwa.

Na ndiyo maana utetezi wangu wa shaba ulikuwa mbovu hata ulipokuwa unavutia. Ukisema "msitufukuze, tunawafaa", umeshakubali sinia. Umebishana tu kuhusu uko upande gani wa kidole. Na ukishakubali hivyo, umemwacha nje yule jirani mlevi wa Molo, ambaye hakumfaa mtu yeyote na ambaye alikuwa na haki ya kulala kwake usiku ule sawasawa na shosho. Nafikiri hapo ndipo mtihani ulipo. Ni rahisi kumtetea mgeni mwenye duka, daktari, mwalimu mzuri. Maneno yetu ya utangamano mengi ni ya aina hiyo: tofauti zetu ni nguvu, mchanganyiko ni utajiri. Yanapendeza hadi siku mtu atakapouliza faida iko wapi, na wewe huna risiti.

Rafiki yangu mmoja niliyemsomea hapa alinipinga. Alisema watu hawasikii falsafa, wanasikia faida. Ukitaka kumzuia mtu asimchome jirani, mwambie duka la jirani ndilo linalomkopesha unga. Labda ni kweli, na usiku ambao kiberiti kimeshawashwa nitasema chochote kinachofanya kazi. Wale waliobishana mlangoni kwa shosho, hoja yao ya maziwa ndiyo iliyompa muda wa kuchukua blanketi. Siidharau. Ila sitaki iwe ndiyo tu tuliyo nayo, na uchaguzi mwingine ni 2027, na maneno haya huwa yanaanza kuota mapema, kwenye vikundi vya WhatsApp, mtungi wa gesi ukiibwa.

Nilisema tutafika kwenye kazi yangu. Niliituma ile karatasi Jumamosi jioni na pesa zikaingia. Nimejiuliza kama hiyo kazi ni safi, na sasa najua angalau namna ya kuuliza. Kwa kodi yangu, ni safi ya kutosha. Kwa yule atakayevuka daraja au kumeza dawa iliyotengenezwa na mtu ambaye karatasi zake niliandika mimi, haiko safi hata kidogo. Hapo mlaji yupo, na ana haki ya kulalamika. Sijaiacha bado. Naandika hivi ili usifikiri nachambua watu wengine tu.

Jumapili nilifungua WhatsApp ya ploti. Mazungumzo yalikuwa yameshahamia kwa maji. Nilipanda juu hadi ule ujumbe wa Alhamisi, nikaushika, nikajibu chini yake: "Samahani jirani, 'hawa' ni akina nani? Na ilikuwa safi kwa kazi gani?" Nilikaa nikiangalia tiki zinageuka buluu, moja baada ya nyingine. Watu kumi na wanne walisoma. Hakuna aliyejibu kwa saa nzima.

Kisha mama wa nyumba namba saba, mwenye mtungi, ambaye sijawahi kuzungumza naye zaidi ya habari ya asubuhi, akaandika: "Mimi nataka mtungi tu. Majina ya watu sijaomba."

Keateka akasema taa ya geti itarekebishwa Jumatano.